Mgao wa Saa Mbili Usiku

Saa mbili usiku mjini Timau hakuna anayekosa mtandao. Alama ya 4G ipo pale juu ya kioo, vijiti vimejaa, bando limenunuliwa na halijaisha. Kinachokosekana ni intaneti yenyewe. Video ya somo la hesabu inazunguka tu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unakwama katikati ya sentensi. Mkulima anayetaka kumtumia dalali wa Nairobi picha za magunia yake ya viazi anaona asilimia 40, kisha asilimia 41, na dalali hasubiri. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, kwa simu ileile na mahali palepale, video inafunguka kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo.

Mnara haukubadilika usiku kucha, wala simu. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaochota mahali pamoja kwa wakati mmoja. Na hapo ndipo penye suala ambalo mipango yetu ya intaneti ya taifa zima imelizunguka kwa zaidi ya miaka 15. Tumehesabu kilomita za nyaya. Tumehesabu minara. Tumehesabu asilimia ya wananchi waliofikiwa na mawimbi. Nafasi anayobaki nayo kila mmoja wakati wote wamewasha hatujaihesabu, au tumeihesabu tukanyamaza.

Timau ni mji wa barabarani katika Buuri, Kaunti ya Meru, kilomita kama 20 kutoka Nanyuki, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukija kutoka Nanyuki unapita mashamba ya ngano na shayiri yasiyo na mwisho, nyumba za plastiki za maua ya kuuzwa Ulaya, na vishamba vya viazi vya nusu ekari vilivyobanana ukingoni mwa barabara. Karibu na Kisima kuna kivuko kilichochimbwa chini ya barabara kuu kwa ajili ya ndovu, kikaanza kutumika mwaka 2011, ili washuke kutoka mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa bila kugongwa na malori. Ndovu wa Timau walipangiwa njia yao kabla ya wanafunzi wa Timau.

Kwa mpangaji wa mtandao, mahali kama hapa ni mtihani mgumu kuliko Nairobi na mgumu kuliko Turkana. Kuna wateja wakubwa wenye fedha za kununua laini yao wenyewe, na kuna maelfu ya wadogo waliotawanyika mabondeni, kila mmoja akinunua bando la siku. Wote wanaegemea minara michache.

Mnara wa simu, ambao wengi wetu bado tunauita busta, kwa kawaida hugawa eneo lake katika pande tatu. Upande mmoja wa 4G, ukipewa masafa ya upana wa megahezi 20 na antena za kawaida, hufika takriban megabiti 150 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kwenye karatasi, mteja akiwa karibu na mnara na akiwa peke yake. Mashinani huwa chini ya hapo, mara nyingi chini sana. Lakini hata tukiupa mnara ukarimu huo wote, watu 300 wakiwasha pamoja upande mmoja, kila mmoja anabaki na nusu megabiti. Video inayotazamika inataka zaidi ya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wauza bando hawalitaji. Mnara hugawa muda wake kabla ya kugawa kasi. Aliye bondeni, nyuma ya kilima, hupokea data kidogokidogo kwa sababu mawimbi yanamfikia yakiwa dhaifu, kwa hiyo picha ambayo aliye sokoni anaipata kwa kufumba na kufumbua, yeye huuchukulia mnara muda mrefu. Wateja wa mbali wakiwa wengi, hata walio chini ya mnara huona mambo yamezidi kuwa mazito. Si kosa lao. Lawama ni ya aliyechora ramani, akalipaka rangi bonde lote na kuandika kwamba limefikiwa.

Hesabu hizi si ngeni duniani. Kuanzia mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmaki, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi zilizoonyesha jinsi ya kukadiria simu zitakazopigwa mjini na laini zinazotosha kuzibeba. Kila mwenye simu hahitaji laini yake hadi mwisho, kwa sababu watu hawapigi wote kwa pamoja. Linalohitajika ni kuijua saa ya msongamano na kupanga kwa ajili yake. Tangu hapo biashara nzima ya mawasiliano imejengwa juu ya kuuza nafasi moja kwa watu wengi. Mteja wa nyumbani anaweza kuwa anagawana laini na wengine 20, au 50. Huo si wizi; bila mpango huo hakuna mtu wa kipato cha kawaida angeweza kulipia intaneti, Timau wala Nairobi. Tatizo huanza pale mteja asipojua anagawana na wangapi, na pale tabia za watu zinapobadilika huku mpango ukibaki wa zamani. Wateja wa Erlang walizungumza dakika chache wakakata simu. Video haikati.

Watu wa Timau wanayajua haya kuliko wahandisi wengi wa Nairobi, ila wanayajua kwa jina la maji. Mito inayoshuka mlimani upande huu, Timau, Ngusishi na Sirimon, hulisha mifereji ya wakulima wadogo na mabwawa ya mashamba makubwa, na kinachobaki huelekea Ewaso Ng'iro, kwa wafugaji wa Isiolo na Samburu. Tangu miaka ya 1980 imetokea mara kadhaa mto huo kukauka karibu na Archer's Post wakati wa kiangazi, huku juu mlimani wenye vibali wakimwagilia. Sheria ya Maji ya 2002 ilifungua njia ya vyama vya watumiaji wa maji, na chama cha Ngusishi ni miongoni mwa vile vinavyotajwa sana, kwa kuwa mkulima wa maua na mkulima wa kabeji hukaa meza moja kugawana mto mmoja.

Kaa kwenye mkutano wa namna hiyo mwezi Februari, mto ukiwa chini, usikie lugha inayotumika. Kibali cha maji hutaja kiasi cha kuchota kwa siku. Kuna kipimo mtoni, na maji yakishuka chini ya alama fulani mgao unaanza: leo mifereji ya upande huu, kesho ya upande ule. Kanuni za maji za 2007 zilitaka anayemwagilia ategemee maji ya mafuriko, aweke akiba ya siku 90 katika bwawa lake, auache mto wa kiangazi kwa ajili ya watu, mifugo na walio chini. Wapo wanaovunja kanuni hizo, tena usiku. Lakini hata mvunjaji anajua kiasi alichoruhusiwa. Hakuna anayeridhika kwa kuambiwa tu kwamba mto umemfikia.

Kwenye intaneti tumeridhika. Na si kwamba nchi haina maji ya kutosha katika chanzo. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na megabiti moja kwa mwezi iliwagharimu watoa huduma maelfu ya dola. Juni 2009 mkongo wa baharini wa TEAMS, ambao serikali yetu iliuanzisha kwa kushirikiana na kampuni za simu, ulitua Mombasa kutoka Fujairah. Mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. EASSy ikafuata 2010, kisha LION2, na katika miaka ya karibuni PEACE na 2Africa. Leo baharini kuna nafasi nyingi kuliko tunayotumia. Zipo siku mbaya, kama Februari 2012 meli ilipokata TEAMS kwa nanga pwani ya Mombasa, au Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja upande wa kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Lakini kwa siku za kawaida kiu ya Timau haitoki baharini.

Bara nako serikali ilitandaza faiba ya taifa, NOFBI, kuanzia 2007, ikaipa Telkom Kenya kazi ya kuiendesha. Awamu ya pili ikajengwa na Huawei kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Lengo lilikuwa kila makao makuu ya kaunti yafikiwe. Kwa hiyo uti wa mgongo uko Meru mjini, uko Isiolo. Tanzania, yenye Mkongo wa Taifa chini ya TTCL, ilifuata njia inayofanana. Swali lililoachwa wazi kote ni la katikati: nani anaitoa faiba kwenye ofisi ya kaunti hadi sokoni Timau, Ntumburi au Maritati, kwa bei gani, na kwa nafasi kiasi gani?

Jibu la soko lilikuwa kila kampuni ichimbe mtaro wake. Barabara zilizo na wateja wa fedha zikachimbwa mara mbili, mara tatu, upande huu na upande ule, na kila mara serikali ya kaunti ikadai ada yake ya njia. Wakati huohuo Kenya Power ina faiba juu ya nyaya zake za umeme mkubwa, na imekuwa ikiikodisha kwa kampuni mbalimbali. Mimi naona ni ujinga wa gharama kubwa nchi maskini kushindana kwa majembe. Ushindani ungekuwa wa huduma na bei. Mtaro ungekuwa mmoja.

Ila wazo la mtaro mmoja lina mtego wake, na jirani zetu wameshaukanyaga. Kwetu lilianza vizuri. Kuanzia 2011 wizara ya mawasiliano, wakati huo Bitange Ndemo akiwa katibu wa kudumu, ilisukuma mpango wa mtandao mmoja wa 4G wa nchi nzima, unaomilikiwa kwa pamoja na serikali na kampuni, kila kampuni ikinunua nafasi kwa jumla na kuuza rejareja kwa jina lake. Vikao vikawa vingi, uwekezaji haukuja, na mpango ukafa taratibu. Desemba 2014 Safaricom ikawasha 4G yake, kwa masafa iliyopata katika mkataba wa kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano. Aliyekuwa na fedha alitangulia, na pengo kati yake na wengine likapanuka.

Rwanda yenyewe ilifika mwisho wa safari hiyo. Serikali ya Kigali iliungana na kampuni ya simu ya KT ya Korea Kusini, ikaunda KTRN, na tangu 2014 kampuni hiyo peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kujenga 4G. MTN na wenzake walikuwa wanunuzi. Ndani ya miaka michache, zaidi ya asilimia 95 ya wananchi walikuwa ndani ya eneo la mawimbi, jambo ambalo Kenya ililitazama kwa wivu. Lakini anayeuza peke yake hana haraka ya kuongeza nafasi wala kushusha bei, na kampuni za simu hazikuwa na hamu ya kuinadi bidhaa ya mwingine. Upekee huo ulifutwa, na mwaka 2023 MTN ikaanza kujenga 4G yake. Mexico nako Red Compartida, mtandao wa jumla uliozinduliwa 2018 ukiwa na nia hiyohiyo, ulijikuta mahakamani 2021 kampuni inayouendesha, Altán, ilipoomba kinga ya kufilisika.

Kwa hiyo kugawana si lazima kuwe na mwenye mali mmoja. Hilo ndilo kosa la mipango ile: ilidhani nafasi itagawanywa vizuri ikiwa mlango utakuwa mmoja. Kugawana kulikofanikiwa hapa kwetu kulikuwa kwa namna nyingine, na hadithi yake haisimuliwi inavyostahili.

Mwaka 2000 barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kampuni nyingine iliyo ng'ambo ya barabara ilipanda angani hadi setilaiti, ikatua ng'ambo, Marekani au Ulaya, ikapanda tena na kurudi Nairobi. Sekunde nzima au zaidi, na kila megabiti ya safari hiyo ya kipuuzi ililipiwa kwa dola. Novemba mwaka huo kampuni hizo, kupitia chama chao cha TESPOK, ziliungana kuweka chumba kimoja chenye swichi, kila moja ikaleta waya wake, na trafiki ya Kenya ikabaki Kenya. Chumba hicho ni KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na baada ya wiki chache mdhibiti akaamuru kifungwe. Ilichukua zaidi ya mwaka wa kubishana, kuandika barua na kufundishana swichi ni nini, hadi Februari 2002 kikafunguliwa tena kwa kibali. Mitambo yenyewe ingetosha juu ya meza. Kilichokuwa kigumu ni washindani kukubaliana kwamba kuna sehemu ya kazi yao isiyo ya kushindania.

Mombasa nako kukaja kituo cha namna hiyo. Baadaye kampuni kubwa za dunia zikaleta sava za akiba nchini, na video inayopendwa na Wakenya ikawa haivuki bahari kila inapotazamwa, inakaa Nairobi. Sehemu kubwa ya nafuu tuliyoiona kwenye simu zetu ilitokana na vyumba hivyo vyenye baridi, ingawa mikongo ya bahari ndiyo iliyopata sherehe za kukata utepe.

Mfano mwingine ni KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa 1999. Chuo kimoja kikienda sokoni peke yake hupangiwa bei ya rejareja. Vyuo vikiunganisha bajeti, hununua nafasi kwa jumla, kisha hugawana kwa mpango unaojulikana na kila mwanachama, na kila mmoja huona kwenye grafu alichotumia jana na saa ngapi. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Meru kule Nchiru hufaidi mkataba uliosainiwa na wengi. Grafu hiyo ndiyo ninayoitaka kwa kila wadi.

Na karibu zaidi na Timau kuna Mawingu. Mwaka 2013 Microsoft, Indigo Telecom na wizara walianza majaribio karibu na Nanyuki kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyo na kazi katika eneo hilo, kwa umeme wa jua, wakiunganisha maeneo kama Shule ya Sekondari ya Gakawa. Masafa hayo husafiri mbali na hupenya miti, sifa inayofaa miteremko ya mlima. Hayakuwa mali ya yeyote kwa saa zile; yalikuwa yamelala. Jaribio hilo lilizaa kampuni ya intaneti ya vijijini yenye mizizi Nanyuki. Kanuni za kuruhusu matumizi hayo kwa mapana zilikuja baada ya miaka mingi, nchi ikiwa imeshasahau ni nani aliyeanza kuuliza.

Wapo wanaosema haya yote yamepitwa na wakati kwa sababu Starlink ilifika Kenya Julai 2023, na sahani nyeupe sasa unaziona juu ya mabati hata huku Buuri. Setilaiti imesaidia sana walio mbali na kila kitu. Lakini Novemba 2024 Starlink yenyewe iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa kuwa nafasi ilijaa. Anga nayo ina mgao. Tofauti ni kwamba kampuni hiyo ilifanya jambo ambalo kampuni zetu hazijawahi kulifanya: ilisema hadharani kwamba hapa pamejaa. Muuza bando wa kawaida huendelea kuuza.

Hata faiba ya kufikishwa nyumbani, ambayo watu huidhania haina mwisho, hugawanywa. Fungua kile kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye nguzo ya mtaa, utakuta uzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, ukiingia kwenye kigawanyio kidogo na kutoka ukiwa nyuzi 32 au 64. Katika mfumo uliozoeleka, uzi ule mmoja hushusha takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa nyumba zote hizo. Zikiwa 32, kila nyumba ina kama megabiti 78 zote zikiwasha. Zikiwa 64, nusu yake. Hiyo ni nafasi nzuri sana. Lakini nyuma ya kisanduku kuna waya wa kwenda Nanyuki au Meru, na kama huo umenunuliwa mdogo, hesabu tamu ya kisanduku haina maana. Fundi anayekuja kufunga rauta hajui ukubwa wa waya huo. Ameambiwa aandike jina la mteja na namba ya M-Pesa.

Serikali sasa inasukuma barabara kuu ya kidijitali: kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure, na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Ni tarakimu za kusomwa jukwaani. Chukua kituo kimoja, tuseme sokoni, kikiwa na laini ya megabiti 20. Saa kumi jioni shule zikifunga, vijana 100 wakiketi kwenye ukuta na kuunganisha simu, kila mmoja ana moja ya tano ya megabiti. Atafungua ujumbe, hatafungua somo. Na laini hiyo hulipiwa kila mwezi. Kuchimba mtaro ni gharama ya mara moja na ina mfadhili, ina picha gazetini. Bili ya Machi mwaka wa tatu haina mfadhili. Wi-Fi za bure zilizozinduliwa kwa shangwe na kuzima bila tangazo, kila mkaaji wa mji wa kaunti anaweza kukutajia moja.

Wakati huohuo serikali yenyewe imeongeza kiu. Zaidi ya huduma 5,000 zimehamishiwa jukwaa la eCitizen. Kodi, mikopo ya HELB, nafasi za vyuo za KUCCPS na usajili wa bima ya afya ya SHA, vyote viko mtandaoni, na siku za mwisho za kutuma maombi hutangazwa kwa nchi nzima kwa pamoja, jambo ambalo kwa mpangaji wa nafasi ni sawa na kuamuru wote wafungue bomba usiku mmoja. Katika sensa ya 2019 ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi waliosema wanatumia intaneti. Mtandao uliopimwa kwa idadi ile hauwezi kuwabeba wanaoingia sasa.

Mkakati wa kwanza wa taifa wa intaneti ya kasi, wa 2013, ulisema kasi hiyo ni kuanzia megabiti 5 kwa nyumba na biashara. Mkakati wa 2018 ukashusha hadi megabiti 2 kwa kila mtumiaji. Sina ugomvi mkubwa na kushusha. Lengo linalotekelezeka ni bora kuliko la mapambo. Ugomvi wangu ni kwamba mikakati yote miwili haikumlazimisha mtoa huduma kutangaza megabiti hizo zinabaki ngapi saa mbili usiku, mahali gani. Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao, umejenga minara katika sehemu zilizosahaulika kabisa, na ni kazi njema. Lakini Timau haihesabiwi kuwa sehemu iliyosahaulika. Kwenye ramani imepakwa rangi. Ina kila kitu isipokuwa nafasi, na hakuna mfuko wa watu wa namna hiyo.

Sehemu ya dawa ni ya bei nafuu kuliko inavyodhaniwa. Mpango wa vishikwambi vya shule za msingi ulioanza 2016 ulizipa shule, pamoja na vifaa vya watoto, sava ndogo ya masomo yenye rauta, ili darasa lisome bila intaneti. Nyingine kati ya sava hizo zimefungiwa stoo. Zikiamshwa, masomo mapya ya KICD, taasisi ya mitaala, yangeshushwa saa tisa usiku mtandao ukiwa mtupu, na mchana watoto 40 wangesoma bila kugusa mnara. Ni bwawa la siku 90 kwa umbo lingine, na Timau hakuna anayehitaji kuelezwa faida ya bwawa.

Sehemu nyingine imelala katika ofisi za mashamba. Shamba linalouza nje hununua laini yake ya faiba au ya mawimbi kwa saa 24, kwa sababu oda hazisubiri. Ofisi hufunga jioni. Saa mbili usiku, mji wote ukigombania minara, laini ile iko wazi, na imeshalipiwa. Msongamano wa shamba ni wa mchana, wa nyumba ni wa usiku. Ukiwaunganisha, nafasi moja inatosha wawili kwa sababu saa zao za msongamano haziwi pamoja, na huo ndio ufundi wote ambao Erlang aliuwekea hesabu. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni maalumu kwa mitandao ya jamii. Kibera kuna TunapandaNET, Dunga kando ya Ziwa Victoria kuna AHERI, Nakuru kuna Lanet Umoja. Kikundi cha Timau kikipata leseni hiyo, kinaweza kukodi usiku wa shamba kihalali, kikagawa kwa zamu na kutundika grafu ukutani. Kinachozuia kwa sasa si nguzo wala masafa. Mikataba mingi ya laini za biashara ina kifungu kinachokataza mnunuzi kumgawia au kumuuzia mtu mwingine, na kifungu hicho hakijui kwamba ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni. Mamlaka inaweza kuamuru kilegezwe kwa wenye leseni ya jamii. Na meneja wa shamba anaweza kukiulizia mkataba wake unapohuishwa, kabla ya kutia sahihi ya miaka mingine mitatu.